Mtoto Kwenye Mizani

Nusu kilo! Mama mkwe aliitangaza hiyo nusu kilo nyumba nzima utadhani ameshinda uchaguzi. Mwezi uliopita, nilipolala na homa, yeye ndiye aliyempeleka mwanangu kwenye mizani ya dukani kwa shemeji, akapata kilo tano. Leo nimempeleka mwenyewe, nikapata nne na nusu.

"Mtoto anakauka," akamwambia mume wangu. "Maziwa ya huyu ni maji matupu. Kesho naondoka naye, nikamlee kwa uji."

Mtoto wa miezi mitatu, uji! Mume wangu akajikuna shingo. Nilitamani kumrushia sufuria.

"Mwanangu haendi popote," nikasema. "Twende tukampime tena, mbele ya macho yenu."

Tukaongozana, mama mkwe mbele, anasonya njia nzima. Alibeba lile blanketi lake la sufi, eti mjukuu asije akapigwa na baridi. Jua lilikuwa linachoma.

Shemeji akamlaza mtoto kwenye sahani moja ya mizani, kwenye nyingine akapanga pakiti za sukari za kilo moja moja. Kwa pakiti nne, mtoto bado alikuwa chini. Akaongeza chumvi ya nusu kilo, sahani zikalingana.

"Umeona?" mama mkwe akaniambia. "Na mwezi uliopita alikuwa tano. Huyu hapa shahidi."

"Kweli, tano," akasema shemeji. "Tena mama ulikuwa umemfunika, hata pua sikuiona."

"Ulimfunika na nini, mama?" nikauliza.

Sote tuliangalia mkononi mwa mama mkwe.

Sikuomba, jamani, nililinyang'anya. Nikamtoa mtoto, nikalikunja blanketi, nikalibwaga kwenye sahani. Lililingana na pakiti moja ya sukari, kilo nzima.

"Toa kilo kwenye tano, mama. Mwanangu alikuwa na nne. Ameongeza nusu kilo, na yote imetoka hapa!" Nikajipiga kifua.

Shemeji aliinama chini ya kaunta akijifanya anatafuta kitu, mabega yanamtikisika. Mume wangu, sijui ulimi aliuokota wapi, akasema, "Mama, mtoto anabaki."

"Na unga wa uji nishanunua," mama mkwe akanung'unika.

Nikamrudishia blanketi lake. "Unga usiharibike bure, mama. Mpikie huyu blanketi. Ndiye hajaongezeka."