Mbegu ya Bi Mwanahalima

Kijijini kwao Mzenga, mbegu ya muhogo hainunuliwi. Unaomba pingili kwa jirani, na kwa miaka thelathini jirani wa kuombwa alikuwa Bi Mwanahalima. Binti akiolewa, bibi humfungia tita la pingili aende nalo.

Sasa Nuria, mtafiti wa mazao kutoka Kibaha, akasimama mkutanoni akatangaza kwamba ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulianzia shamba la bibi huyo. Alikuwa sahihi, masikini, lakini alimvunjia mama wa watu heshima hadharani. Watu wakanyanyuka mmoja mmoja. Majani ya mihogo yao ni ya kijani, walisema, na wataalamu waliotangulia walijaza majani kwenye mifuko wakatokomea nayo. Nani aliwahi kuletewa majibu?

Masika ilikuwa wiki mbili mbele. Wakipanda tena mbegu ile, chakula cha mwaka kingeozea ardhini, na jambo hilo lilimkosesha Nuria raha. Akapekua makabati ya ofisi mpaka akayapata majibu ya majani yale ya zamani. Asubuhi akapanda gari la Mlandizi kwenye kituo cha Kwa Mathias, akamalizia kwa bodaboda hadi Mzenga.

Bi Mwanahalima aliitikia shikamoo yake, basi. Hakumkaribisha kuketi. Nuria akaomba radhi akiwa wima: kwa mkutano, na kwa majibu yaliyochelewa miaka minne. Kisha akamsomea moja baada ya jingine, mabaya yote.

 Bibi akachukua jembe, akawaita majirani washuhudie. Shina la kung'oa angechagua yeye, alisema. Muhogo ukiwa mzima, mgeni aende zake na asirudi.

Alichagua shina nene kuliko yote. Muhogo wa kwanza aliukata, ukawa mweupe pe. Majirani wakacheka. Nuria angeweza kuanza kujitetea, maana alijua ugonjwa huo hauigusi mizizi yote. Alisema tu, "Huo ni mzima, bibi. Nimeuona."

Bi Mwanahalima akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Majirani walikwishaanza kutawanyika, ushindi ulikuwa wake, na hakuna aliyemwomba aendelee. Akainama, akang'oa muhogo wa pili, akaukata katikati. Ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, umeoza kama kizibo kilicholowa. Angeweza kuutupa kichakani, na Nuria, aliyesimama nyuma yake, asingejua kitu.

Aliunyanyua juu. "Rudini mwone," alisema. "Mimi ndiye niliyewagawia."

Nuria alisoma miaka mingi na kuwasikia maprofesa wengi, lakini ujasiri wa namna ile hakuwahi kuuona. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Kufikia adhuhuri shamba la bibi lilikuwa limeng'olewa lote, na Nuria alikuwa ameahidi kuleta mbegu safi kutoka Kibaha kabla ya masika. Kisha bibi akajifunga khanga kiunoni, akapita nyumba kwa nyumba na nusu ya muhogo ule mkononi, akianza na mabinti aliowafungia matita. Hakuhubiri wala hakueleza sayansi. Kwenye kila mlango alisema nilikupa ugonjwa bila kujua, nisamehe, twende tukang'oe. Hakuna mlango uliomkatalia.

Jioni, akiwa na udongo mpaka viwikoni, alimtandikia Nuria mkeka.

"Keti, mwanangu," alisema. "Na hiyo mbegu safi ukiileta, uniletee mimi kwanza. Nina watu wa kuwalipa."