Gregori wa Laki Sita na Ishirini

Barua ya Mfuko wa fidia ilifika Yombo siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, wakati Bernadeta anatia lupu za mkanda kwenye suruali ya sare ya shule. Alimaliza kwanza lupu zote sita, akakata uzi kwa meno, akanawa mikono kwa sababu cherehani ilikuwa imetoka kutiwa mafuta, ndipo akaifungua. Mumewe, Gregori, alikuwa amekaa kizingitini akijifunza kufunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto. Siku hiyo alikuwa amefanikiwa kiatu kimoja.

"Imekuja," alisema Bernadeta. "Asilimia arobaini. Laki moja, sabini na tatu elfu na mia sita. Kila mwezi, maisha yako yote, baba Loveness."

Gregori alifumba macho akashukuru. Mwaka mmoja na miezi mitatu ilikuwa imepita tangu mashine ya kukata maboksi, kule kiwandani Chang'ombe, ichukue kidole gumba chake cha mkono wa kulia pamoja na viwili vinavyofuata. Alikuwa amezunguka kwa madaktari mpaka walinzi wa getini wakamzoea. Sasa yamekwisha, aliwaza. Halafu akasikia karatasi ya daftari inafunuliwa, na shukrani ikamkaukia mdomoni.

Bernadeta aliishia darasa la saba huko Muleba, lakini darasa lake la saba alilisoma lote, hakuacha kitu. Daftari lake la vipimo vya wateja lilikuwa na kurasa za nyuma alizoziweka kwa mambo mazito, na humo aliandika maneno yote ya Munira, yule binti wa ofisi ya Mfuko, siku alipowaeleza jinsi malipo yanavyokokotolewa. Gregori aliikumbuka siku hiyo vizuri. Munira alieleza polepole, Bernadeta akaandika kwa mwandiko wa duara, kila jambo kwenye mstari wake: unachukua mshahara wa mwezi; unatoa asilimia sabini yake, na hiyo ndiyo ya mtu asiyeweza kazi kabisa, wa mia kwa mia. Kisha unaangalia daktari amekupa asilimia ngapi za ulemavu. Kama umepewa arobaini, unachukua arobaini katika kila mia ya hiyo ya kwanza. Ukiwa thelathini au chini yake unalipwa mara moja kwa mkupuo, mmemalizana. Ukivuka thelathini ni kila mwezi mpaka kufa.

"Laki tatu na themanini," Bernadeta alisema sasa, penseli mkononi. "Sabini kwa mia, laki mbili sitini na sita elfu. Arobaini kwa mia ya hiyo, laki moja na sita elfu na mia nne." Akaiangalia barua. Akaliangalia daftari. "Hapana. Wamezidisha."

"Labda wana nyongeza zao," Gregori alisema, ameinamia kiatu.

"Nyongeza ingeandikwa."

Alirudi nyuma, na hilo ndilo ambalo Gregori hakulitegemea. Aligawanya pale walipozidisha, kama fundi anavyofumua shati apate kujua lilikatwaje. Ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Alipomaliza aliweka penseli chini, na uso wake ulikuwa na huruma.

"Wamekuchanganya na mtu mwingine, baba Loveness. Kuna Gregori mwingine huko kwao, mshahara wake laki sita na ishirini. Hela hizi ni zake. Na yeye leo amepokea barua yenye hela zako, amekaa nayo, hajui afanye nini."

Gregori alifunga kiatu cha pili. Kilifunguka.

Ukweli ni kwamba Gregori wa laki sita na ishirini alikuwa amekaa palepale kizingitini. Laki tatu na themanini alimtajia mkewe mwaka ule Loveness anaanza chekechea, na wakati ule ilikuwa kweli. Baadaye kiwanda kilimpandisha kutoka msaidizi akawa mwendesha mashine, kikaongeza, kikaongeza tena, kikaongeza mara ya tatu. Ya kwanza alinyamaza wiki moja ili aje kumshtua mkewe siku ya kuzaliwa kwake. Siku hiyo ikapita. Baada ya hapo kila mwezi aliponyamaza, kusema kulizidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa angetakiwa kueleza na ya mwezi uliopita. Karatasi za mshahara zilipotakiwa na Mfuko, kiwanda kilizipeleka chenyewe, naye akajiona amepona.

"Kesho kutwa naenda kuwaambia," Bernadeta alisema. "Hapana, kesho kutwa nina gauni la kipaimara. Jumatatu. Na hela ikiingia, asiiguse mtu."

"Hata ya kodi?"

"Hata ya chumvi. Huyo mwenzio ana watoto."

Jioni Gregori alikwenda dukani kwa Mzee Awadh, ambaye duka lake lilikuwapo hapo kabla barabara haijapata jina. Alimkuta amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kofia.

"Mkeo alikuwa hapa," Mzee Awadh alisema. "Kaja kuazima mashine ya hesabu. Kafanya mara mbili. Mashine yangu na daftari lake vimekubaliana, kasoro wewe tu ndiye sijakusikia."

"Mzee, si umwambie. Serikali ikikupa, unapokea."

"Nimwambie mie? Mwaka juzi nilimzidishia chenji mia tano, akairudisha na mvua inanyesha, kajifunika beseni. Nikamwambia mama, ungengoja ikatike. Akaniambia angelalaje." Mzee Awadh alimpimia sukari polepole. "Mwanangu, mbona unatoka jasho? Au wewe na huyo Gregori mwingine mnafahamiana?"

Gregori alichukua sukari akasahau chenji.

Jumamosi jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwa Bibi Filomena, mwenyekiti wao, mjane aliyekumbuka dua za kila mtu kuliko wenyewe walioziomba. Kwa miaka karibu kumi Bernadeta alikuwa na ombi moja lisilobadilika, kwamba Mungu auguse moyo wa bosi wa mume wake aongeze mshahara, na watu wote waliitikia, Gregori akiwemo. Safari hii Bernadeta alisimama, akarekebisha kitenge, akaliacha la bosi.

"Tumwombee Gregori mwingine," alisema. "Ameumia kazini kama mume wangu, na hela zake zimekuja kwetu kwa makosa. Apewe uvumilivu mpaka Jumatatu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia.

"Na mkewe," Bibi Filomena aliongeza, "asikate tamaa."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," Gregori akaitikia, akahisi masikio yanawaka. Wakati wa chai Bibi Filomena alimsogelea akamuuliza huyo Gregori mwenzake ni wa jumuiya gani, kwa sababu wangeweza kumchangia walau unga. Gregori alisema hamjui vizuri.

Jumatatu walifika ofisini mapema, wakachukua namba arobaini na saba, na ubao ulikuwa unaita arobaini na moja. Bernadeta alivaa gauni lake la kola nyeupe. Kwenye mkoba alikuwa na barua, daftari, penseli mbili na kichongeo. Gregori aliutazama ubao kama mtu anayetazama maji yanapanda. Munira akifungua faili lake, karatasi za mshahara zote zingekuwa mezani, na mkewe angeusikia uongo wake kutoka kwa mtoto wa watu.

Arobaini na mbili.

"Twende tukanywe soda," alisema.

"Tutapitwa."

Arobaini na tatu. Mwenye arobaini na nne hakuwapo, akarukwa.

"Yule Gregori mwingine," Gregori alianza.

"Maskini. Kila nikikaa namfikiria."

"Hana shida sana."

"Umejuaje?"

"Ana mke fundi cherehani."

Bernadeta alikuwa anachonga penseli. Mkono uliendelea kuzungusha mara mbili tatu, kisha ukasimama.

"Ana binti mmoja," Gregori alisema, akiangalia viatu vyake, ambavyo leo mkewe ndiye aliyevifunga. "Yuko kidato cha nne. Anaitwa Loveness."

Ubao uliita arobaini na tano. Bernadeta alipuliza vumbi la penseli, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu mpaka mwisho.

"Walikuongeza lini?"

"Loveness alipoingia darasa la pili. Halafu la tano. Halafu alipoanza sekondari."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Na mie kila Jumamosi naliombea lile jibaba la watu moyo laini."

"Nilikuwa naitikia."

"Ulikuwa unaitikia kwa sauti kuliko wote, baba Loveness. Bibi Filomena alikusifia. Hela ilikuwa inakwenda wapi?"

"Kwa mama, elfu hamsini kila mwezi."

"Hiyo ningekupa mwenyewe na nauli ya kuipeleka. Nyingine?"

"Kitimoto. Ijumaa, na wenzangu wa kiwandani."

"Ndiyo maana Ijumaa ulikuwa unasema tumbo limejaa gesi. Nyingine?"

"Ada ya Loveness."

"Ada analipa Revelian." Revelian alikuwa mdogo wake Gregori, mwenye duka la vifaa vya umeme Ubungo, na katika nyumba ile jina lake lilitajwa kwa heshima.

"Revelian hajawahi kulipa hata daftari. Ningesema nalipa mie, ungeniuliza nimepata wapi."

Bernadeta aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze. "Nimemshonea Revelian mashati manne. Kila Krismasi moja. La mwisho lina mifuko miwili."

"Linamkaa vizuri."

"Alipokea tu? Hakusema kitu?"

"Alisema kola inambana kidogo."

Midomo ya Bernadeta ilianza kutikisika, na Gregori hakujua kama ni kilio kinakuja au kitu gani. Kabla hajajua, ubao uliita arobaini na saba.

Munira alisimama kuwapokea. "Shikamoo mama, shikamoo baba. Barua imefika? Kuna tatizo?"

Gregori alikaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa amewahi kuungojea wembe wa daktari, na hakuungoja hivi. Bernadeta alifungua daftari, akalilaza mezani, akalinyoosha kwa kiganja kama kitambaa kinachongoja mkasi.

"Tumekuja kuhakiki hesabu, mwanangu. Laki sita na ishirini. Sabini kwa mia, laki nne thelathini na nne elfu. Arobaini kwa mia ya hiyo, laki moja, sabini na tatu elfu na mia sita."

Munira alitazama kompyuta, akatazama daftari. "Ni hiyo hiyo, mama. Umeikokotoa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mara ya kwanza nilikosea kwenye mshahara tu."

"Wengi hukosea hapo," Munira alisema bila kucheka, ingawa jicho lake lilipita kwa Gregori na kurudi. "Kila wiki napata mmama mmoja au wawili. Huwa naanza kwa kuwapa maji ya kunywa."

Nje kulikuwa na benchi la saruji. Bernadeta alikaa, akatoa daftari na penseli. Gregori alibaki wima.

"Sasa na mie nikupime," Bernadeta alisema. "Hela za mama yako natoa, hiyo siyo ulemavu. Ada ya mtoto natoa, ingawa umeipeleka kwa njia ya mchawi. Inabaki kitimoto. Mashati manne, mita mbili na robo kila moja. Na kuitikia sala ya uongo miaka karibu kumi." Aliandika, akafuta, akaandika tena. "Daktari wako ni mie. Nimekupa asilimia thelathini na tano."

Gregori aliijua sheria kama mkewe alivyoijua. "Mama Loveness, si ungenipa hata thelathini kamili? Nilipe mara moja kwa mkupuo, tumalizane."

"Nimefikiria. Lakini la mifuko miwili limekupandisha."

"Kwa hiyo ni kila mwezi."

"Mpaka kufa."

"Na rufaa?"

"Dirisha limefungwa."

Gregori alitoa kadi ya benki mfukoni kwa mkono wa kushoto, taratibu, akampa. Bernadeta aliipokea, akaitia ndani ya daftari kwenye ukurasa wa vipimo vya Revelian, na hapo ndipo kile kilichokuwa kinamtikisa midomo kilipotoka. Alicheka mpaka mlinzi wa getini akaja kuangalia, akaondoka naye anacheka bila kujua kwa nini. Gregori alitaka kuungana nao, akaogopa ataongezewa asilimia.

"Mpigie mdogo wako," Bernadeta alisema alipopata pumzi, akijifuta macho kwa ncha ya kola nyeupe. "Mwambie Jumapili aje kula, na avae shati. Nataka nilitazame hiyo kola inambana wapi."

Hela ya kwanza iliingia Ijumaa. Kodi ililipwa, kwa mama yake Gregori huko Muleba zikaenda elfu hamsini kwa jina la Bernadeta, na jioni nyumba ilinukia kitimoto cha kukaanga na ndizi. Sahani ya Gregori ilipimwa kama za wengine.

Jumamosi jumuiya ilipokutana, Bibi Filomena aliuliza habari za yule Gregori mwingine, kwa maana alikuwa ameshakusanya unga kilo nne.

"Amepatikana," Bernadeta alisema. "Anakaa hapahapa Yombo. Unga atapokea mkewe. Na bosi wa mume wangu, jamani, tumshukuru Mungu. Kumbe moyo wake uliguswa mara tatu."

Watu wakaitikia kwa furaha. Gregori naye akaitikia, safari hii kwa sauti ya chini kabisa.