Upande wa Kulia

…na hata wakinifunga kitambaa machoni nitaujua kwa vidole tu, huo upande wa kushoto ni mkono wa dada, nani mwingine anagawa nywele kwa ukucha wa kidole kidogo wakati chanuo lipo, mistari inatoka shingoni inapanda imenyooka, ikifika nyuma ya sikio inapinda kidogo, kidogo tu, kwa sababu hapo ndipo huwa anainama kusikiliza, mteja akianza umbea mkono wa dada unapinda, nimemcheka miaka yote kwa hilo, na sasa nimekaa ndani ya ndege, mara yangu ya kwanza, mkanda umenibana tumbo, na kwenye kiti cha mbele yangu kuna mwanamke wa koti la kijani ambaye simjui wala sijawahi kumwona, na nusu ya kichwa chake imesukwa na dada yangu… basi vizuri, hilo ni jambo la kufurahia, dada akija nitamwonyesha, nitamwambia ona, kazi yako imekutangulia kupanda ndege, atacheka kile kicheko chake cha puani, lakini mbona haji, msalani gani huko, watu wote wameshakaa, wameshafunga yale makabati ya juu kwa vishindo, nimeweka mtandio wangu kwenye kiti chake watu wasikikalie, yeye mwenyewe alisema mdogo akae dirishani, mkubwa akae katikati akukinge na watu, na pale kwenye foleni ya kugongewa pasipoti akajishika tumbo, "Tangulia mdogo wangu, tumbo limenikamata, tangulia nakuja," nami nikatangulia, mtu mzima na akili zangu, tumbo la dada nalijua, yule anakula chochote cha jana na juzi analala anakoroma, halijawahi kumkamata hata siku moja… labda ni wasiwasi wa safari, hata wajasiri wanaharisha, ni safari ndefu, bahari nzima, na mimi bila yeye hata soko la jirani siendi… lakini upande wa kulia. Huo upande wa kulia ni wa nani? Upande wa kulia ni wangu. Sisi tunasuka kichwa kimoja watu wawili, yeye kushoto mimi kulia, tunaanzia shingoni tunakutana utosini, mteja anaondoka mapema na mwingine anakaa, hiyo ndiyo saluni yetu, ndiyo inayotuweka mjini, na ndiyo maana shangazi huko tunakokwenda anatutaka wote wawili kwenye saluni yake, mmoja hana kazi naye, ndivyo alivyosema, yaani ndivyo dada alivyosema kwamba shangazi amesema, maana mimi sijaongea na shangazi, dada ndiye aliyekuwa anaongea naye, uani, na akiniona anapunguza sauti eti mtandao mbaya… na hiki kichwa sijakishika. Ngozi ya shingo bado inang'aa mafuta, nywele hazijaanza hata kulegea, hii ni kazi ya juzi, na juzi mimi sikuwepo saluni, juzi walinituma kumuaga mama mkubwa, nusu siku kwenye basi kwenda na nusu siku kurudi, "Huwezi kuvuka bahari bila baraka za mama mkubwa," mama akasema, nikauliza na dada je, wakasema dada ameshamuaga kwa simu, na mimi nikaona sawa, baraka za dada zinapita kwenye simu, zangu zinataka basi.

"Dada, samahani, hiki kiti ni cha nani?" Ni yule mhudumu mwenye kitambaa cha shingoni, ana kile kibao cha kioo mkononi anakigusagusa. "Cha dada yangu. Yuko msalani." "Msalani humu ndani?" "Huko nje, anakuja." Anakigusa tena, ananitazama, anakigusa, na mimi najua kabla hajasema, mwili wangu unajua, "Kiti hiki hakina abiria, dada. Hakijakatiwa tiketi." "Hebu angalia vizuri." "Nimeangalia. Tunamsubiri abiria mmoja tu, mzee mmoja, wa kule nyuma. Wewe acha tu mtandio wako hapo, jinyooshe, una bahati," anaondoka, bahati, eti nina bahati, nimeingizwa mjini mchana kweupe na mtu niliyenyonya naye ziwa moja, halafu nina bahati… na lile sanduku lake, mjinga mimi, lile sanduku, pale kwenye mizani mimi langu nalisukuma kwa goti na yeye lake kalinyanyua kwa mkono mmoja, nikamtania, "Umebeba hewa?", akasema mwenzio nguo zangu nyepesi, na tulivyokuwa tunafungasha alikuwa amekaa juu ya kitanda ananikunjia mimi, sweta langu, soksi zangu, chanuo, mikasi, ameniwekea hata pini zake anazozipenda, nikasema dada na wewe utatumia nini, akasema tutachangia, tutachangia, na sanduku lake limeshafungwa toka asubuhi liko pembeni ya mlango, hakulifungua hata mara moja, halina kitu, ni zigo la maonyesho, wamenichezea mchezo na sanduku tupu, na tiketi zote kashika yeye, "Mimi ndiye mkubwa, nashika mimi," ilikuwa moja, alishika moja… simu yake haipatikani. Nimepiga tena. Haipatikani. Ameizima, yuko kwenye gari anarudi nyumbani ameizima… na mama je? Mama anajua? Mama alinikumbatia mimi asubuhi mpaka mbavu zikaniuma, dada akampigapiga begani tu kama mtu anayetoka kwenda dukani, nikadhani dada ataona wivu eti mama ananipenda zaidi, nikaona raha, naapa niliona raha, Mungu anisamehe… lakini upande wa kulia, turudi hapo, kama dada alibaki saluni juzi na kushoto alisuka yeye, kulia alisuka nani, ameshaniwekea mtu mwingine kwenye kiti changu kabla hata sijaondoka, nani, yule mama wa saluni ya ng'ambo ya barabara anayevuta nywele mpaka mteja anafanana na mtu aliyeona jini, hapana, huu mkono hauvuti, huu mkono… mzuri. Nasema kweli. Mimi nikianza mstari natia nywele za bandia hapo hapo mwanzoni, kinatokea kifundo kidogo, wateja wangu wote wana vifundo shingoni, dada alisema ndiyo saini yangu. Huu hauna kifundo. Huyu ameanza na nywele ya mtu mwenyewe, akasuka kwanza, akasuka, ndipo akaingiza ile ya bandia kwa chini, akaificha, huoni ilipoanzia, na hivyo mtu mmoja tu ndiye anayefanya, nilimtazama akifanya nikiwa mtoto, nimekaa kwenye kindoo nikila maganda ya machungwa, mama, lakini mama vidole vyake vimekufa, mama hawezi hata kufunga kifungo, mama alikiacha kiti cha kulia… siwezi, lazima niulize, natia mdomo kwenye upenyo wa viti, "Samahani dada yangu, umependeza, umesukwa wapi?" na anageuka nusu, ana sura ya watu wanaopenda kuulizwa, "Eeh, unaona? Kuna saluni iko nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa bluu. Mtu na mama yake. Juzi tu." "Na huku kulia alisuka…?" "Mama mtu! Yaani yule mama ana mkono, mimi nilisinzia, unaniamini, kichwa hata hakikuniuma. Mwanzo nilimwogopa, nikamwambia mama, na umri huo utaweza? Akacheka, akaniambia mwanangu, nilikuwa likizo tu. Wanacheka hao, wao wawili, siku nzima wanacheka. Ukirudi nenda," nasema asante, nitakwenda, narudi kwenye kiti changu, yaani sikutoka kwenye kiti lakini narudi, likizo, mama alikuwa likizo.

Vidole vyangu vimekufa, ndivyo alivyoniambia miaka sita iliyopita, amekaa ukingoni mwa kitanda anavisugua kimoja kimoja, mimi nimesimama na sanduku, hili hili lililoko tumboni mwa ndege sasa hivi, nimerudi nyumbani wiki hiyo hiyo, mume ameniacha kwa simu, hata uso hakunionyesha, na mimi siongei, siogi, nakaa nyuma ya mlango, na mama ananiambia mwanangu vidole vyangu vimekufa vyote, kiti changu nani atakikalia, hebu nisaidie… nikamsaidia. Nilijiona nimekuja kumsaidia. Miaka sita nimejiona ndiye mtoto mwema aliyemwokoa mama yake, niliwaambia wateja, nilimwambia kila aliyekaa pale, bila mimi hapa pangefungwa, na dada anasikia, yuko upande wa pili wa kichwa hicho hicho, anasikia, mkono wake unapinda tu… na kila jioni, kila jioni ya Mungu, napasha mafuta kwenye kibakuli naviweka vile vidole kwenye mapaja yangu navikanda, kimoja kimoja, na alikuwa anaguna! Alikuwa anaguna, "Polepole hapo mwanangu, hapo hapo pana moto," nami napunguza, napuliza, nimewahi kuvililia vile vidole, machozi yangu yameangukia kwenye yale mafuta, naye ananitazama utosini na vidole vizima, vizima kabisa, vinavyoweza kusuka kichwa cha mtu mpaka akasinzia, ni mwongo, mama yangu ni mwongo mkubwa, sijawahi kuliweka neno hilo na mama mahali pamoja, na dada ni mwongo, na shangazi, na mama mkubwa na baraka zake, wote walijua, wamekula njama ukoo mzima juu ya mtu mmoja… na ule usiku, nilisikia, ukutani, mama anasema, "Huyu asiposukumwa hatoki. Atazeekea hapo kitini," na mimi nikadhani wanamsema paka. Yule paka anayelala kwenye kiti cha wateja. Asubuhi nilimfukuza paka kwa ufagio, nikamwambia wenyewe wamekuchoka… hata kiti hakikuwa changu. Kifundo changu hakikuwa saini, kilikuwa kosa, na hakuna aliyeniambia, waliniacha niumize vichwa vya watu miaka yote hiyo ili nisirudi nyuma ya mlango, kitu kimoja tu nilichosema hiki nimekitafuta kwa mikono yangu, hiki sikupewa na mume wala na mtu, kumbe nacho nilipewa, nilitengenezewa kazi kama mtoto anavyopewa donge la unga akae kimya jikoni… nashuka. Mlango bado uko wazi, naona mwanga kule mbele, mzee wao hajafika, nashuka, nimefungua mkanda, kumbe unafunguka kirahisi, unanyanyua tu, nitachukua gari, nitafika kabla hawajafunga saluni, nitasukuma mlango wa bluu nisimame pale katikati, nitawaacha wenyewe waniangalie, dada upande wa kushoto wa kichwa cha mtu, na mama upande wa kulia, anacheka, ana nywele vidoleni, nitasema mama, hujambo, likizo imeisha? na yeye… yeye atafanya nini. Najua atakachofanya. Ninamwona. Ataachia ule mstari katikati, ataviingiza vidole chini ya mtandio wake, uso utabadilika hapo hapo, mwongo yule, ataguna, atasema afadhali umerudi mwanangu, nilikuwa najaribu tu, nimeshindwa, njoo ukae, na atasogea, atakipisha kiti, hatacheka tena kazini mpaka afe, na jioni atanipa mikono yake niikande… "Dada, naomba ufunge mkanda," yule mhudumu tena, "bado kidogo tu tunaondoka," nami nimeushika mkanda, pande zote mbili, sijaufunga, sijawasamehe pia, nisisingiziwe, sijawasamehe hata robo, walikuwa na midomo, wangeniambia, ningekataa, ningelia, ningerudi nyuma ya mlango, lakini wangeniambia… kule mbele mwanga bado uko, mlango uko wazi, hakuna aliyenifunga kamba, hatua chache tu niko chini, na nikishuka tu vidole vya mama vitakufa tena, na mimi nitapasha mafuta, nitavikanda kimoja kimoja, yeye ataguna pale pale pa siku zote, nami nitapunguza mkono.