Mkono wa Kushoto

…nyuma ya farasi, ndivyo alivyosema, tena bila hata kupepesa jicho, farasi wa marehemu atatangulia akiwa hana mpandaji, kisha wanafamilia, kisha mabibi wa kasri, ndipo wewe, Bibi, na Lavinia amesimama katikati ya chumba, mkono wake wa kushoto umeshikwa na Norah, kijakazi aliyekuja naye kutoka New York, glavu nyeusi ya msiba, vifungo kumi na sita, Norah anavifunga kimoja kimoja kwa kulabu ndogo ya fedha, na Baroni von Kessel bado yuko mlangoni na karatasi yake, anasoma kama anayesoma orodha ya vyakula, Mtukufu mama mkwe wako anatumaini utaelewa… kuelewa, miaka kumi na moja anaelewa, ameelewa kukaa mwisho wa meza na daktari wa meno huku Egon, marehemu mumewe, akikaa juu kabisa na kumwinulia glasi kwa mbali, ameelewa kuingia ukumbini peke yake, baada ya wasichana wa miaka kumi na sita…

“Usiuvute mkono, Bi Vinnie, nitakubana ngozi,” Norah akamwambia.

“Na kaburini, Baroni?”

Akakohoa. “Kaburi la kasri ni la watu wa damu, Bibi. Kwenye makaburi ya parokia ipo nafasi nzuri. Ina kivuli.”

“Na farasi atazikwa wapi?”

“Bibi anapenda mzaha.”

“Sina mzaha hata kidogo.”

…kivuli, wanampa kivuli, na yule bibi kizee, mama mkwe, ndiye aliyelichagua neno, midomo yake myembamba kama mkato wa kisu, ni yeye, siku zote ni yeye… kanisa lilikuwa baridi, Februari, Egon akanyoosha mkono wa kushoto, Lavinia akamnong’oneza umekosea mkono, akatabasamu, kwetu ndivyo, naye akaamini, akamwandikia dada yake kwamba huku watu huoana kwa mkono ulio karibu na moyo, mpaka wasichana wawili wa kwao Newport wakaiga kwenye harusi zao, wajinga, wajinga watatu, na wiki sita baadaye bibi kizee akamweleza mbele ya wageni, huku akipaka siagi mkate, mkono wa kushoto, mwanangu, ni wa mke asiyelingana na mumewe, hapati cheo, hapati kaburi, hukuambiwa?… hukuambiwa, na meza nzima ikacheka, Egon naye akacheka kidogo, akitazama sahani… kifungo cha kumi… akitazama sahani, kwa nini hajawahi kuikumbuka ile sahani, miaka yote amemchukia mwanamke ambaye pale madhabahuni hata hakuwepo, alikataa kuja, mkono ule ulikuwa wa nani basi, ulikuwa wa Egon, wenye joto, alijua, akatabasamu, na juzi usiku, Egon akikata roho, yeye Lavinia kausugua mkono huohuo mpaka ukapoa…

“Nimjibu nini Mtukufu?”

…atatembea nyuma ya farasi mpaka lango la kasri, hatua moja zaidi hapana, halafu stesheni, halafu meli ya kwao, wamzike wenyewe, alale kaburini amngoje mama yake…

“Mwambie nimeelewa.”

Baroni hakuondoka, alikuwa bado na ukurasa wa pili. Norah akafunga kifungo cha mwisho, akaichukua glavu nyingine.

“Sasa wa kulia, Bi Vinnie.”

Lavinia akautazama mkono ule, mkono ambao katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuuomba.