Sura Mpya ya Falcon

Muuzaji wa vipuri aliweka taa mbili juu ya meza ya kioo, moja ya gari la Falcon la zamani, moja ya modeli mpya, akasubiri. Kissa aliziangalia kama viatu vya mtu mwingine. Asubuhi yote alikuwa Shahe, soko la nguo hapo Guangzhou, China, akifungisha marobota ya magauni, na sasa hakusikia uchovu wala njaa. Hakusikia chochote. Alikuwa hivyo tangu Baba aanze kusahau.

Falcon ya Baba ilifikishwa Tukuyu na padri mmoja kutoka Australia. Kwao Australia ni gari la familia, pana kama kitanda. Padri alipoondoka alimwachia Baba, dereva wake. Siku hizi Baba hamtambui hata Shedrack anayeishi naye, lakini kila asubuhi hutoka uani, husimama mbele ya gari na kulisalimia.

Shedrack, mdogo wake Kissa, anaoa mwezi ujao, na Falcon ndilo gari la maharusi.

"Dada, bodi ni ile ile, wamebadilisha sura tu," alikuwa amemwambia. "Lete taa, bampa na grili za modeli mpya. Wakwe watadhani tumenunua jingine. Na Baba si alikuwa anaitamani modeli mpya?"

Kweli, aliitamani. Kissa akapiga simu ya video. Shedrack akamshikia Baba simu pale uani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Wewe ni wa nani?"

"Ni Kissa. Niko Guangzhou."

"Kissa yuko shule," Baba alisema kwa upole.

Kissa hakulia. Aliinua taa mpya, nyembamba kama jicho la mtu aliyenuna, akaisogeza kwenye kamera.

"Hilo gari la nani?" Baba akauliza. "Mwambieni alitoe, anaziba geti."

"Hajaona vizuri," Shedrack akadakia. "Futa kamera yako, dada, ina mafuta ya chipsi."

Kissa akaiweka chini, akainua ile ya zamani. Taratibu Baba akavua kofia.

"Padri amerudi," akasema. "Mwambieni Kissa afungue geti. Yeye ndiye hufungua."

Shedrack akashusha sauti: "Nimeshawaambia wakwe tunakuja na gari jipya, dada."

"Waambie tumeghairi."

Muuzaji akamsogezea taa mpya, akaipigapiga kwa kidole kuisifia.

"Bu yao," Kissa akamjibu kwa Kichina, sitaki. Akaigusa ya zamani, akamwita bosi. "Laoban, hii. Kulia na kushoto."

Muuzaji akacheka, akaenda kutafuta ya pili nyuma ya duka. Kwenye simu Baba alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, anatazama upande wa geti.

"Nafungua, Baba," akasema Kissa.