Tumbo Lililosema Karibu

Ukitaka kujua nani anaposwa na nani amenunua viatu vipya akaapa ni vya mwaka juzi, njoo unywe chai kwangu. Nachaji simu za watu kwa sola hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nauza chai na mikate ya mafuta, na mabenchi yangu hayajui kukaa wazi. Ndiyo maana Vanessa alinijia mimi, hakwenda kwingine.

Vanessa ni binti wa marehemu rafiki yangu. Tulitoka Uvira, Kongo, pamoja. Alikuwa ametengeneza mchezo wa simu, akauita Tumbo. Wewe ni kitumbo chenye macho mawili na mdomo. Unazunguka shambani, unakula maharage na mahindi, unanenepa. Ukinenepa unakula vitumbo vidogo, na vikubwa vinakutafuta wewe. Basi, ni hayo tu, lakini mtu akishika simu haachii.

Kompyuta aliyoutengenezea ilikuwa ya kuazima, ya chuo kimoja cha Mbarara. Jumamosi chuo kilikuwa na shindano. Atakayeshinda anabaki na kompyuta na kusoma mwaka mzima. Wengine wote wanarudisha mashine siku hiyohiyo. Vanessa akirudisha, anarudi kusuka nywele, kazi anayoichukia kuliko malaria. Na sharti lilikuwa moja: uje na maoni ya wachezaji thelathini, kwa maneno yao, uonyeshe umebadilisha nini kwa sababu yao.

"Mama Eugénie," akaniambia, "batu banakusikilizaka. Unitafutie maoni makumi tatu."

"Makumi tatu tu? Kesho saa sita utakuwa nayo."

Nikayapata. Kila aliyecheza nilimpa chai ya bure. Kwizera alisema, "Mchezo mzuri sana, Mungu akuinue." Appolinaire akasema alikula, akanenepa, akafurahi. Mukashema, ambaye hata simu hakuigusa, alisifu rangi.

Vanessa alisoma daftari lote amesimama.

"Mama, hii ni maneno ya batu kwa kilio. Nani anasemaka mubaya juu ya maiti?"

"Sasa ulitaka bakutukane na chai yangu mu kinywa?"

"Ndiyo!"

Kusema kweli, kosa lilikuwa langu. Kwetu mtu hanywi chai ya nyumba halafu akamkosoa mtoto wa nyumba. Nilikuwa nimenunua sifa thelathini, na hata moja haikuwa na kazi.

Alhamisi nikafunika birika. Nikatangaza, "Leo hakuna chai mpaka mtu aseme kweli!" Watu walijaa zaidi, maana kelele ni tamu kuliko sukari. Gad, dereva wa pikipiki, bingwa wa Tumbo, alikuwa amekaa katikati kama chifu. Nikamwita Concilie, Mrundi anayeuza parachichi mbele ya kibanda changu, ambaye alikuwa hajacheza kamwe. Nikamwekea simu mkononi.

Kitumbo chake kilikula maharage kidogo, kikafika kwenye lundo kubwa. Vitumbo vitatu vidogo vikaja. Concilie akakisimamisha kitumbo chake.

"Mama Concilie, kula bale batoto!" Gad akapiga kelele. "Unangoja nini?"

"Nangoja washibe."

"Si bageni bako! Bakule!"

"Wamenikuta nakula, Gad. Niwafukuze vipi?"

Mstari wa njaa juu ya kioo, ambao hushuka usipokula, ulishuka, ukashuka, ukaisha. Kitumbo cha Concilie kikafa pale pale kando ya chakula. Nyumba nzima ilicheka. Gad alijipiga mapaja. Concilie aliiweka simu chini kama sahani isiyooshwa.

"Vanessa, mwanangu, andika. Huu mchezo hauna adabu. Mtu anakula peke yake, akimaliza chakula anakula na jirani. Anayekaribisha ndiye anakufa njaa. Nani alikulea hivyo?"

Kicheko kikakatika. Sote tulijua. Mwaka ule mama yake Vanessa alipofariki, ni sahani ya Concilie iliyomlisha, kila jioni, pamoja na watoto wake watano.

Kumbe mdomo mmoja ukifunguka na mingine inafuata. "Mimi nilichoka dakika ya pili," alisema Mukashema. "Mudogo hana kazi humo." Appolinaire akaongeza, "Gad akianza tu, sisi bote tuko chakula yake."

"Mchezo iko bien!" Gad akabisha. "Bavivu ndio banalia!"

Vanessa aliandika malalamiko yote, akafunga kompyuta, akaondoka bila kuaga. Ijumaa hakuna aliyemwona. Mabenchini walishaamua: amekata tamaa, amerudia nywele, mwingine akasema amerudi Kongo kabisa. Jumamosi asubuhi akatokea, macho mekundu, kompyuta kifuani.

"Niliongeza kitu kimoja," akasema. "Twende na Mama Concilie."

Tukaenda wanne, maana Gad hakukubali kubaki. Ukumbi ulikuwa Nyamitanga, Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, umejaa vijana wa mjini na michezo yao ya magari na mipira. Concilie alikuja na kikapu cha parachichi, asiende kwa watu mikono mitupu.

Jaji aliitwa Goretti, mama mwenye miwani na haraka. Alifungua daftari letu, akazipita sifa zangu thelathini kama mtu anayepita wanaoombaomba, akafika kwenye maneno ya Concilie. Akasimama.

"Nyabo, wewe binti, hii mtu nasema mchezo yako hapana adabu. Wewe naleta hii kwa shindano?"

Ukumbi ukacheka.

"Ndiyo," Vanessa akajibu, sauti ndogo. "Ile ndiyo ya kwanza ya kweli."

"Basi wewe nabadilisha nini?"

"Muchukue simu. Mutaona."

Simu kumi zikaunganishwa na kompyuta, na mchezo ukaonekana ukutani. Gad alichukua moja, Concilie moja, nyingine wakashika watu wa ukumbini. Mmoja wao alikuwa Anne, mke wa askari kutoka kambi ya jeshi ya Makenke, aliyemsindikiza mdogo wake.

Gad alianza kula. Akameza mmoja, wa pili, wa tatu. Aliyeliwa alirudi mdogo kama harage. Tumbo la Gad likajaza nusu ya ukuta. "Mama Concilie, kimbia! Nakuja!"

Concilie hakukimbia. Alifika kwenye lundo lake, akasimama, vilevile. Mstari wa njaa ukaanza kushuka. Goretti akatazama saa. Nilimshika Vanessa mkono.

Ndipo Concilie akabonyeza kialama kipya, kidogo, cha mkono ulionyooshwa. Simu ikasema kwa sauti ya Vanessa mwenyewe: "Karibu!"

Anne, ambaye Gad alikuwa ametoka kummeza, alisoma kwenye simu yake: Unaitwa kula. "Mimi naitwa?" akauliza, akaenda. Akala. Akashikamana na Concilie, na mstari wa njaa ukapanda. "Karibu!" Akaja mwingine, na mwingine, na kila aliyekuja lundo lilizidi badala ya kuisha. Ukutani likasimama tumbo moja kubwa lenye jozi tisa za macho.

Gad akasita. "Eh. Eh! Hii ni nini?"

"Ni wageni wangu," Concilie akasema. "Wameshiba."

"Kushoto!" Anne akapaza sauti. "Yeye nakimbilia mahindi! Kamata yeye!" Watu tisa wasiojuana walivuta pamoja, ukumbi ukasimama juu ya viti, na Gad, bingwa wa Nakivale, akaingia mdomoni mzima mzima. Kelele! Nadhani hata ng'ombe wa kijiji cha Masha, kule njiani, walizisikia.

Gad akarudi mdogo kama harage, peke yake pembeni. Simu yake ikasema, "Karibu!"

Akamtazama Concilie. "Mama, hata mimi?"

"Unangoja nini? Chakula kinapoa."

Hapo Goretti akavua miwani. "Leta hiyo simu. Mimi bado nacheza." Alicheza mara mbili, foleni ya washindani ikimngojea, akapiga kelele kuliko Anne. Matokeo yalipotangazwa hakuna aliyesikia jina la pili. La kwanza lilikuwa Vanessa, na sisi tulikuwa tumeshaanza vigelegele. Aliikumbatia kompyuta yake, yake kabisa sasa, halafu akamkumbatia Concilie, kompyuta katikati.

"Sasa inaonekana ulikula kwangu," Concilie akamwambia, akaanza kugawa parachichi.

Jioni hiyo mabenchi hayakutosha. Watu walikaa juu ya madumu. Chai ilikuwa ya bure tena, maana hakukuwa na maoni ya kununua. Bado Gad alilidai daftari.

"Yangu hamukuandika," akasema. "Ya mwisho. Andika: nilikuwa mukubwa kuliko bote, balinikula bote, na kesho narudia."