Injini Iliyotengenezwa

Jumapili hiyo nyumba ya Nshombo, pale mtaani Linden, ilijaa mpaka viatu vikakosa nafasi mlangoni. Ibada imekwisha, sombe la majani ya muhogo liko jikoni, na wote wanamngoja Leopoldi, mume wa dada yake, afike kutoka Buffalo na injini.

Habari za injini hiyo nani hakuzijua? Mjane mmoja wa Louisville alikuwa na Shevroleti ya mwaka 1969 ya marehemu mumewe, na wakusanyaji wa magari ya zamani walimfuata hata msibani. Aliwajibu wote jibu moja: marehemu aliing'oa injini akaiuza, akajuta mpaka kufa. Atakayeirudisha ile ile, ikiwa na namba ya gari iliyogongwa kwenye chuma, mjane aipapase kwa kidole, huyo ndiye atakayepewa gari.

Leopoldi akaikuta East Side, huko huko Buffalo, kwenye gereji ya mzee fulani, akatuma picha. Herufi T ya kiwanda cha Tonawanda, kisha namba, sawasawa na za gari. Nshombo, aliyelitamani gari hilo, akampigia papo hapo: "Shemeji, uitengeneze muzuri, bon, halafu ulete."

Sasa gari la Leopoldi likafika, turubai likavutwa. Injini ikang'aa rangi ya chungwa kama imetoka dukani leo. Nshombo akainama, akapitisha kidole gumba pale pa namba. Laini kama sahani.

"Namba iko wapi?"

"Pale palikuwa kutu tupu, shemeji. Nimepitisha mashine ya kusaga chuma, nikapaka rangi. Si ulisema nitengeneze?"

"Kutengeneza ni kupanga kintu muzuri. Uifunge, uikaze na kamba, isigongane mu njia. Nani alikutuma kusaga?"

"Sisi Warundi tuliokulia Kigoma, kutengeneza ni kutengeneza. Na mtu hampelekei shemeji yake kitu kichafu."

Sebule ikagawanyika: Wakongomani huku, Warundi kule. Nzigire, mke wa Nshombo, akauliza, "Donc nikikwambia utengeneze kitanda, utakisaga?" Mtu akacheka. Nshombo hakucheka.

Leopoldi akashusha sauti. "Picha unayo. Tutafute vyuma vya kugongea herufi, tuzirudishe. Nani atajua?"

Hapo ndipo Nshombo alipowaka kweli.

"Batu ya hii kazi banaleta kioo cha kukuzia, banaangalia mpaka mikwaruzo ya chuma. Na hata basipoangalia. Ule mama alifiwa. Unataka nimudanganye na kintu ya bwana yake?"

Akampigia mjane, akafungua sauti wote wasikie, akamsukumia Leopoldi simu. "Sema weye. Mwambie venye ulitengeneza."

Leopoldi akaeleza kwa Kiingereza chake cha kiwandani, jasho likimtoka. Kisha mjane akasema hana hasira na mtu, ila alitaka kuigusa ile namba tu, na kama haipo, basi gari litabaki lilipo. Akaaga kwa upole, na upole huo ukamuuma Nshombo kuliko tusi.

Gracieuse, dada yake Nshombo na mke wa Leopoldi, alikuwa ameanza kupakua, sahani zikigongana mkononi. Nshombo akachukua ya kwanza, akaiweka kwa kishindo mbele ya Leopoldi.

"Kula, shemeji. Ushibe. Njia ya Buffalo ni murefu, na hii moteri unarudi nayo."